Kofia ya Okisai

Najua mtacheka, kwa hivyo chekeni mapema tuendelee. Huu mwanya wa meno ya juu sikuupata vitani Burma, kama nilivyowaambia wajukuu. Niliupata zahanati, njia ya kwenda Malaba, miaka ile ya sabini, kwa sababu ya wivu tu.

Sisi tuliopigana vita ya Mngereza tulikuwa na desturi yetu pale: alfajiri unaweka kofia yako kwenye benchi, unaenda zako kunywa chai, na kofia inakushikia foleni (raia walisukumana, lakini kofia ya askari hakuna aliyeigusa). Hata hivyo tulikuwa tunangoja mpaka jua la utosi, ndipo akaja daktari mpya, kijana mpole, akasema wazee hawa wanachoka bure. Akawa anapita mapema kumuuliza kila mmoja anaugua nini, anazipanga kofia mwenyewe, na ndani vyombo vinakaa tayari kwa mpango huohuo.

Siku hiyo goti langu lilikuwa limevimba kama boga, mvua imeshashuka na shamba halijalimwa, na daktari akaiweka kofia yangu mwisho. Ya kwanza akaweka ya nani? Ya Okisai, jirani yangu, yuleyule aliyerudi vitani na cheo mimi nikarudi na kikohozi, ambaye ng'ombe wake huzaa majike matupu, na ambaye mke wangu hachoki kumtaja. Kwa wivu nikaiacha chai nusu kikombe. Nikajifanya naenda choo, nikapita benchini, nikabadilisha kofia: yangu mbele, yake nyuma.

Mwenye kofia ya kwanza akaitwa, nikaingia mimi. Daktari alikuwa amenipa mgongo, anachemsha vyuma.

"Kaa hapo, mzee. Fungua mdomo."

Nikafungua (jeshini pia walianza na mdomo, hata ukiumwa kidole). Akagonga jino langu moja zima kabisa, lililokuwa likivunja mifupa. "Ni hili linasumbua?"

Hapo ndipo ningesema goti. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nje nikamwona Okisai, shavu limemvimba, anauliza: "Nani ameguza kofia yangu?" Wazee wengine wakaanza kukaguana, vile askari hukaguana wakitafuta mwizi. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndilo hilo.

Lilitoka kwa taabu, maana halikuwa na sababu ya kutoka.

Nikatoka nachechemea, pamba mdomoni, damu kwenye shati, nikamkuta mke wangu ameniletea uji, amesimama katikati ya wazee wote.

"Baba Wafula," akasema kwa ile sauti yake ya sokoni, "si mguu ndio mgonjwa? Mbona wamekung'oa jino?"

Wazee wakaangalia benchi, wakaangalia kofia, kisha wakaniangalia mimi. Okisai akaokota kofia yangu, akanivisha, akaninyooshea vizuri kama sajenti anayekagua kuruta, na hiyo iliniuma kuliko koleo.

Mbaya zaidi, zamu yake ilipofika jipu la ufizi wake lilikuwa limepasuka lenyewe, akaambiwa asukutue kwa maji ya chumvi, na jino lake likapona. Halafu akaja kulima shamba langu kwa plau yake, bila kuombwa, na mke wangu akamchinjia kuku.

Tangu hapo kofia yangu naiweka pale inapowekwa, hata kama ni mwisho. Lakini jioni Okisai hupita kwangu akitafuna mahindi choma kwa jino lilelile, ananipukuchulia punje zile laini. Nazipokea, nashukuru, na bado namwonea wivu.