Aliyekuwa Ananiibia Nguo Zenye Jasho

Nianze na ndala, maana balaa lote lilianzia kwenye ndala.

Jumanne asubuhi nimeamka, nimeshusha miguu kitandani. Mguu wa kulia umepata ndala. Wa kushoto umepata sakafu.

Nikatafuta chini ya kitanda. Nyuma ya mlango. Hadi kwenye jokofu niliangalia, na msinicheke, mtu mwenye usingizi hufanya mengi.

Hamna.

Jumatano kikapotea kitambaa changu cha kichwa. Alhamisi ikaondoka fulana niliyoivua jana yake ikiwa imelowa jasho chapachapa.

Sasa niambieni, mwizi gani anabeba fulana ya jasho na kuiacha simu mezani?

Kabla sijaendelea, mnijue kidogo.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kazi yangu ni kukaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki yangu ya ziada, na kupiga kelele. Mwaka wa kumi na moja huu. Sauti yangu imezoea kushindana na injini, na nikifika nyumbani sijui inazimiwa wapi.

Na hapo nyumbani penyewe nilikuwa bado mgeni. Nilikuwa na miezi minne tu ya ndoa. Mume wangu muoka mikate, mgane, ana binti wa miaka tisa.

Binti alikuwa na adabu ya kuua mtu.

"Shikamoo, Anti."

"Asante, Anti."

"Nimeshiba, Anti."

Basi. Ukikusanya maneno yote aliyoniambia kwa miezi minne, hayajazi cheti cha dawa.

Nilijaribu kila njia. Nikamsuka, akatulia kama anang'olewa jino. Nikampeleka kazini nikamkalisha kwenye usukani wa gari la mafunzo, akaugusa kidogo, akasema, "Asante, Anti," akashuka.

Ndipo nikapata wazo la kuleta mbwa.

Nikajipigia hesabu: mbwa akija, mtoto atafurahi. Akifurahi, ataongea. Akiongea, ataongea na mimi niliyeleta wazo. Hesabu imekubali!

Jumamosi tukaenda wote watatu kwa daktari wa mifugo ambaye mbwa wake alikuwa amezaa. Tukarudi na kidume cha wiki tisa, rangi ya udongo, pua nyeusi ya mviringo.

Mimi nikampa jina Jenerali. Nilitaka mlinzi, si mchezo.

Binti akamtazama ile pua, akasema taratibu, "Kifungo."

Mbwa akageuza kichwa kwake. Jenerali akastaafu hapohapo, hata mshahara wa kwanza hajapokea.

Sasa mimi, mwalimu mzoefu, ningeshindwa kumfundisha mbwa wa wiki tisa? Nimefundisha watu wanaogopa hata honi yao wenyewe!

Nikaweka boksi sebuleni, bakuli la maji, na ratiba ukutani. Ratiba, jamani. Kama anajua kusoma. Nikasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, nikamwita kwa sauti ya kazini:

"Kifungo! Njoo! Mbele! Taratibu! BREKI!"

Alikojoa palepale, akatimka, akapita chini ya pazia la sinki jikoni, akajibana kule nyuma ya ndoo.

Kwa Binti alikuwa anatoka. Kwa mume wangu pia, tena anajiviringisha miguuni. Nikiingia mimi, unasikia kucha kwaru kwaru, pazia limetikisika, kwisha habari. Nikiinama kumwangalia analia kama nimemkanyaga. Ikabidi chakula chake nikisogeze kwa mpini wa fagio, kama namlisha simba.

Yaani nilileta mbwa ili mtoto anisogelee, sasa ndani kuna viumbe viwili vinavyonikwepa.

Jumatatu mezani nikamwambia mume wangu, "Mimi na huyu mbwa, nyumba hii haitutoshi. Nampa wiki moja. Wiki ikiisha hajanizoea, mmoja wetu anafungasha!"

Ulikuwa utani. Tatizo, sauti yangu haijui utani.

Mume wangu alicheka. Binti alikuwa anaosha vikombe. Hakucheka, ila nani alimwangalia?

Kesho yake ndiyo ndala ikapotea.

Ilipofika Alhamisi na fulana nayo imekwenda, nikaanza upelelezi. Panya? Panya hatoki na fulana nzima. Mume wangu huondoka alfajiri kwenda kukanda unga, hana haja na vitambaa vyangu.

Jioni ileile nikakutana na Binti anatoka chumbani kwetu, mikono nyuma.

"Umebeba nini?"

"Hakuna, Anti." Akapita kwa ubavu kama kaa.

Hapo roho ikaniambia: mama, unafukuzwa. Unahamishwa kidogo kidogo. Leo fulana, kesho sanduku.

Ijumaa ilikuwa siku ya mtihani wa wanafunzi wangu. Nimenyoosha mkono nyuma ya mlango nichukue kizibao cha kazini, kile cha rangi ya chungwa kinachong'aa, ambacho bila hicho mwalimu haruhusiwi kukanyaga uwanja wa mtihani.

Msumari mtupu.

Mkaguzi alinisimamisha getini.

"Mwalimu, kizibao kiko wapi?"

"Kimepotea nyumbani, mkuu."

"Wanafunzi wako wakisahau kufunga mkanda tu tunawafelisha. Wewe tukufanyeje?"

Wanafunzi sita wamepanga mstari, wananiangalia. Mmoja wao mzee mstaafu, ambaye juzi yake nilimuuliza kama macho yake ni ya mapambo. Mzee akaguna.

"Mmh."

Hilo tu. Wakaingia bila mimi, nami nikabaki nje ya geti natamani ardhi ipasuke.

Nilifika nyumbani saa nane mchana nafuka moshi. Mume wangu alikuwa kwenye usingizi wake wa mchana. Binti yuko mezani na daftari la hesabu. Sikusalimia. Nikafungua mahakama.

"Kizibao changu kiko wapi?"

Penseli ikaendelea kuandika.

"Ndala yangu? Kitambaa? Fulana?"

Penseli imesimama.

"Unataka niondoke, si ndiyo? Basi sema! Mdomo unao! Sema hunitaki, kuliko kuniibia!"

Neno lile la mwisho nililiona kabisa likitoka. Kwenye gari nina breki ya ziada. Mdomoni sina.

Mume wangu akatokea mlangoni, shuka begani.

"Umemwambia nini mwanangu?"

Mwanangu. Si "mtoto". Si "mwanetu", kama alivyokuwa amezoea kusema tangu harusi.

Binti akafunga daftari. Hakukimbilia chumbani. Alikwenda jikoni, akapiga magoti mbele ya sinki, akaingiza mkono chini ya pazia.

"Kifungo, nipe."

Ikatoka ndala, imetafunwa kisigino. Kikatoka kitambaa. Ikatoka fulana, imekunjwa kama shuka la mtoto. Akavipanga sakafuni kimoja kimoja.

Mwisho akavuta kizibao, kikagoma. Akavuta tena. Kikaja na Kifungo upande wa pili, kakiuma kwa meno yote, hataki kukiachia.

Mbwa aliyekuwa ananikimbia, kumbe siku zote hizo analala juu ya nguo zangu.

"Daktari alisema mbwa anaanza kuzoea harufu ya mtu," Binti alisema, macho sakafuni. "Sauti ni baadaye. Wewe ulikuwa nje unaongea na simu."

Kisha akaongeza, "Zenye jasho ndiyo anazipenda zaidi."

Mume wangu akaziba mdomo kwa shuka.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ungekuja kumwonyesha mwenyewe." Akasita. "Kwa sauti."

Ningekuja kweli. Na ratiba mkononi.

"Halafu ulisema wiki ikiisha mmoja anafungasha." Akaikunja fulana upya. "Jumatatu ndiyo wiki. Sijui ungekuwa wewe au yeye. Nilitaka mbaki wote."

Nilikaa chini. Nimekaa kwenye sakafu ya jikoni na sare za kazini, karibu na ndoo, mwanamke mzima.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nimekuita mwizi, na si kweli. Nimekosa."

Maneno yakatoka kwa mnong'ono. Nadhani ndiyo mara ya kwanza Kifungo kunisikia nikiongea kama binadamu. Akaachia kizibao. Akaja, hatua mbili, akasimama, hatua moja. Akaninusa goti. Akapiga chafya. Kisha akajilaza juu ya mguu wangu na kuanza kutafuna kamba za kiatu.

Nikafungua mdomo nishangilie.

"Anti!" Binti akaweka kidole mdomoni. "Polepole. Mnyooshee mkono chini, usimpitishie juu ya kichwa. Hivyo. Subiri. Sasa mkune hapa, chini ya sikio."

Nikafanya kama nilivyoagizwa. Nikikosea, ananirudisha nyuma naanza upya. Mtoto ana ukali wa mwalimu yule! Na ndani ya dakika kumi alikuwa ameniambia maneno mengi kuliko miezi minne yote.

Mume wangu alininunia hadi jioni, na nilistahili. Jumatatu nikamtafuta yule mzee mstaafu nikamwomba radhi kwa lile neno la macho. Akaguna tena "Mmh," ila safari hii alitabasamu. Mtihani alikuwa amefaulu.

Ratiba nimeibandua. Kifungo sasa analala mlangoni kwangu, na nikisahau nikapaza sauti, hakimbii tena, ananitazama tu kwa masikitiko.

Funzo langu ni hili, mchukue au mliache. Mtoto asiyekuongelesha usimwandikie hukumu. Unaweza kumkuta anahangaika peke yake, bila kelele, kutafuta namna wewe ubaki.