Saa ya Baba Pacha ya Kutembea

Mwanamume amekaa kwenye kiti cha cherehani tangu ujana mpaka mvi, halafu asubuhi moja anaamka, anavaa raba alizoziacha mtoto wake, anakwambia anakwenda kufanya mazoezi. Wewe mke wake utafikiri nini? Mimi nilifikiri kile ambacho mwanamke yeyote mwenye akili timamu angefikiri. Nikamuuliza mazoezi ya nini, maana huyu ni mtu ambaye hata maji ya kunywa hajichotei, huniita. Akajibu kwamba mwili umechoka kukaa. Nikamwambia haya, nenda. Ila moyoni sikusema haya.

Mume wangu ni fundi wa suruali. Mtaani wanamwita Baba Pacha, kwa sababu ya watoto wetu waliozaliwa siku moja na sasa kila mmoja ana nyumba yake huko mbali. Mimi ndiye Mama Pacha. Tuna chumba cha kazi chenye mlango wa bati unaotazama barabara. Yeye anakata na kushona. Mimi natia vifungo, napiga pasi na kupokea wateja, kwa kuwa yeye na maneno hawajawahi kupatana. Mteja atamweleza shida zake zote, yeye atamjibu kwa kumpima kiuno. Watu wanakipenda kimya chake. Hata mimi nilikipenda, mpaka nilipoanza kujiuliza kimeficha nini.

Na msinione mimi ni wa wivu wa bure. Dada yangu mkubwa aliachwa, na mumewe alianza hivi hivi, na mazoezi. Alianza kukimbia, tumbo likapungua, akanunua fulana ya kubana, akanunua nyingine, kisha siku moja akakimbia moja kwa moja hadi kwa mwanamke mwingine na hajarudi hadi leo. Dada hajapona. Kwa hiyo kwetu neno mazoezi linajulikana linakoishia.

Baba Pacha alianza na alfajiri, wakati hata majirani hawajafungua madirisha. Redioni, alisema, daktari ameeleza kwamba hewa ya alfajiri ni nyepesi. Siku ya tatu akarudi na goti limechubuka, suruali ina tope upande mmoja tu. Nikamuuliza kulikoni, akasema ameteleza. Mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu. Nikamuuliza mtu huteleza kwenye nini wakati wa kiangazi, akachukua taulo akaenda kuoga.

Akahamia mchana. Sasa hoja ilikuwa kwamba asubuhi viungo bado vimekaza, na jua la mchana ndilo linalotoa jasho la kweli. Akawa anaondoka tukimaliza kula, ananiachia wateja, anarudi macho mekundu na machozi yanamtiririka. Vumbi, akasema. Mimi namjua mtu aliyetoka kulia, na namjua pia aliyetoka kumliza mwenzake. Mchana nao ukamshinda. Akajaribu jioni, jua likizama, akawa anarudi mara tu baada ya kutoka, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa. Mwishowe akaangukia saa kumi alasiri, na hapo akaganda.

Pale dukani kila mtu alikuwa na lake. Mwanajeshi mstaafu anayeleta suruali zake zipunguzwe kiuno aliapa kwamba jeshini hakuna kitu kinachoitwa mazoezi baada ya jua kuchomoza. Muuza nyama wa jirani akasema bora jioni, maana asubuhi mtu akitembea tumbo tupu anaweza kuanguka. Fundi viatu aliyekaa kibarazani petu akasema yeye mazoezi yake ni kumkimbia mwenye nyumba, na hayo hayana saa. Wakacheka. Mimi nikaendelea na vifungo vyangu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu nikapata jibu: mtu anayebadilisha saa kila mara hatafuti afya, anatafuta nafasi. Kuna mtu ambaye asubuhi yuko kazini, mchana ana watu nyumbani, na saa kumi yuko peke yake.

Mwenye macho haambiwi tazama, nami nikaanza kutazama. Kwanza nikaona uzi. Mwalimu mkuu alileta kitambaa cha bluu iliyokoza, na Baba Pacha akakishona kwa uzi mweusi kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo. Mteja asingegundua. Lakini fundi yeyote anajua kwamba bluu na nyeusi ni mtego wa mwanafunzi, na kwamba mtu huwa anaukwepa kabla hajajua hata kukata. Nikaifumua nikiwa kimya, huku namwangalia. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano yake kwa mkupuo mmoja, kama siku zote. Basi nikasema macho yake mazima, mikono mizima. Kisichokuwepo ni moyo.

Kisha nikakuta kichupa kwenye mfuko wa koti lake, kidogo kama kidole, karatasi ya juu imebanduliwa. Nikanusa: hakina harufu. Manukato yasiyonukia ni ya nini, kama si ya kumficha mke? Nikakirudisha kama kilivyokuwa.

Dada naye akaja na yake. Amemwona shemeji yake karibu na kiwanja cha shule, na yule nesi mrefu anayeishi nyuma ya kiwanja, na nesi amemshika mkono. Nikauliza amemshika vipi. Dada akanishika juu ya kiwiko, akanitembeza hatua chache humo chumbani. Alinishika taratibu, kwa huruma, na mimi nikahisi damu imenipanda mpaka masikioni. Dada akasema, "Mimi nilichelewa kuamini. Wewe usichelewe." Akanishauri nianze kuhamisha vitu vyangu kidogo kidogo, nianze na cherehani ndogo.

Sikuhamisha kitu. Nilitaka kwanza kuona kwa macho yangu. Ila siku mbili baadaye nilikuwa natoka sokoni na kikapu kichwani, nikamwona anakuja upande ule ule wa barabara. Nikapunguza mwendo nikamsubiri anisalimie. Akanipita. Nilikuwa karibu hivi, ningeweza kumkunja ukosi. Shingo hakugeuza, kope hakupepesa. Mwanamume niliyemzalia watoto wawili kwa mpigo alinipita kama nguzo ya umeme. Nililia njia nzima, na nilipofika nyumbani nikavunja sahani, na sikuisingizia paka. Jioni aliponiuliza mbona kimya, nikamwambia kwamba kimya nimejifunza kwake.

Kesho yake, ilipofika saa kumi, akavaa raba zake akatoka. Nikamwomba fundi viatu aniangalizie mlango, nikajifunga kanga kiunoni sawasawa, nikamfuata. Nilikuwa nimeshapanga yote: nitamsubiri aingie kwa nesi, nitagonga, na maneno nitakayosema majirani watayakumbuka mpaka wajukuu. Na ikishakuwa hivyo, cherehani ndogo itakuwa yangu na kubwa nitaichukua pia.

Njia ya kwenda kiwanjani inafuata ukuta wa shule, ukuta mrefu wa matofali usio na mlango. Baba Pacha alitembea karibu nao sana, vidole vya mkono mmoja vinagusa matofali. Hakukimbia wala hakuharakisha. Alipofika mahali ambapo mtaro wa maji machafu unakatiza njia, akasimama, akatanguliza mguu, akaupapasa ukingo kwa ncha ya raba, ndipo akavuka. Nikaona tope limekauka pale chini, na nikakumbuka suruali ya alfajiri, ila bado kichwa changu hakikutaka kufika kule. Hasira ikishachagua njia yake haigeuki upesi.

Nyumba ya nesi akaipita. Hata kuitazama hakuitazama. Akaenda hadi mwisho wa ukuta, akageuka, akaanza kurudi. Sasa alikuwa ananijia mimi. Sikujificha. Nilisimama wazi kabisa kando ya njia, upande wake wa kushoto, mikono kiunoni, na kanga yangu ilikuwa ya njano. Nikasema moyoni, leo utanijua.

Akanipita tena.

Lakini safari hii nilikuwa nimemtazama usoni alivyokuwa anakuja, na ule haukuwa uso wa mtu anayejifanya hakuoni. Mtu anayejifanya hukaza. Yeye alikuwa ametulia tu, kama mtu aliye peke yake njiani. Nikageuka nikamfuata nyuma, karibu na bega lake la kushoto, ndala zangu zikipiga chini. Akazisikia. Akasogea ukutani kunipisha, akasimama kwa adabu.

"Pita tu, ndugu yangu," akasema. "Mimi natembea taratibu."

Sikuweza kupita. Nikasema, "Ni mimi."

Akauliza, "Uko upande gani?"

Nikazunguka nikasimama mbele yake, na hapo akaniona. Niliona akiniona.

Tulikaa juu ya matofali yaliyoanguka, akaniambia yote, yeye ambaye maneno humtoka kwa shida kama jino. Nesi yule anafanya kazi kliniki ya macho. Ndiye aliyempeleka kwa daktari. Ni presha ya macho, na imekuwa ikimla pole pole tangu lini sijui. Akimtazama mtu usoni anamwona, na tundu la sindano analiona kama zamani, lakini pembeni hakuna kitu. Si giza, alisema, hakuna tu, na upande wa kushoto ni mbaya zaidi. Kichupa ni dawa ya matone, na karatasi aliibandua kwa sababu anajua mimi husoma kila kitu. Dawa inalinda kilichobaki; kilichokwenda hakirudi. Daktari alimwambia atembee, ila hakumwambia saa, kwa hiyo akaitafuta mwenyewe. Alfajiri alitumbukia mtaroni. Mchana mwanga ulimpiga machoni mpaka kila kitu kikawa cheupe. Jioni rangi zote zilikuwa moja. Saa kumi, jua likiwa nyuma ya shule, anauona ukuta wote mpaka mwisho.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaziangalia raba zake.

"Wakijua, nani ataniachia kitambaa chake nikikate?" akasema. "Na wewe ungelia mbele ya wateja."

Kweli ningelia. Nililia hata pale. Na Mungu anisamehe, kwa muda mdogo nilitamani ingekuwa ni nesi. Mwanamke ningepigana naye. Ningemwendea mlangoni kwake, nikarudi nimeshinda au nimeshindwa. Hiki nilichoambiwa pale ukutani ningekiendea mlango gani?

Tukarudi wote. Nilitembea kushoto kwake, na sikumshika mkono, kwa sababu watu walikuwa nje.

Tangu siku hiyo tunatoka pamoja. Nyuzi nazitenga mimi kabla hajaketi, natoa ile inayofaa naiweka kwenye cherehani, na yeye haulizi. Mteja akiingia kwa upande wa kushoto namsalimia kwa sauti kubwa, nataja na cheo chake, ili Baba Pacha ageuke kwa wakati. Wamezoea. Wanasema Mama Pacha siku hizi ana makelele. Dada alipokuja kuuliza nimefikia wapi, nilijua yule hawezi kutunza siri hata ya mlango kufungwa, nikamwambia alisema kweli. Nikamwambia nimemfumania, nimemsamehe, na sasa simwachi atoke peke yake hata hatua moja. Dada akaridhika kabisa, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari. Nilipomweleza Baba Pacha jina nililompa mtaani, alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Alisema bora waseme ni mhuni, mhuni bado hupewa kitambaa.

Kwa hiyo tukipita watu wananong'ona. Wanasema tazama anavyomlinda, wivu gani huo wa uzeeni. Fundi viatu ananiita askari. Nami natembea kifua mbele, namkanya mume wangu kwa sauti asitazame tazama wanawake wa watu, na yeye anaitikia, na mtaro ukikaribia namgusa kiwiko.

Mwezi uliopita, tulipofika mtaroni, aliniambia kwamba siku hizi saa kumi ukuta unaishia katikati. Tukaanza kutoka saa tisa na nusu. Wiki hii tumetoka saa tisa, jua bado kali, na yeye amevaa kofia pana niliyomshonea. Majirani wameuliza kwa nini namtembeza mzee wa watu kwenye joto lile. Nimewaambia ni mimi ninayetaka, mimi napenda jua.