Marehemu wa Wimbo wa Taifa

Huko kwetu, kwenye bonde la milima ya Kivu ya Kusini, hakuna aliyekuwa na shaka kwamba wimbo wa taifa ulitungwa na mtu wa kwetu. Mama yangu alinisimulia habari hiyo huku akimenya mihogo, bila kuinua macho, kama mtu anayeelekeza njia ya kisimani. Kulikuwa na kijana, alisema, mpiga tarumbeta wa fanfari, ile bendi ya misheni. Wimbo ulimjia usingizini, akaamka akaupiga, na Wazungu wakauchukua wakaupeleka mji mkuu. Baadaye vita vilipoingia bondeni, askari walimwamuru aache kuupiga. Akakataa. Wakampiga risasi ukingoni mwa mto, na tarumbeta ikaendelea kulia peke yake hata baada ya yeye kuanguka.

Nilipoingia shule nikafundishwa habari nyingine. Wimbo uliandikwa na padri mmoja, mbali kabisa na bonde letu, kwa sababu nchi ilikuwa inapata uhuru na ilihitaji wimbo. Baadaye, rais mwingine alipobadilisha jina la nchi, padri huyohuyo akaandika wimbo wa pili, na ule wa kwanza ukawekwa kando mpaka utawala ulipobadilika tena. Niliyaandika yote hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Nikawa mwalimu, nikawafundisha wengine vilevile. Jioni nilirudi nyumbani nikamsikiliza mama, wala sikumbishia. Habari hizo mbili ziliishi ndani yangu kama wake wenza wasiosalimiana.

Mama alifariki, na vita vingine vikaja. Mume wangu nilimzika hukohuko, nikakimbia na binti zangu wawili hadi Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Binti zangu waliolewa hapa, kisha wakachukuliwa pamoja na waume zao kwenda kuishi katika nchi ya baridi. Faili langu la ukimbizi lilikuwa peke yake, likabaki. Wananipigia simu Jumapili, tunaulizana habari za afya, halafu mtandao unakatika au tunajifanya umekatika.

Naishi Rubondo, upande mmoja wa kambi. Nina shamba dogo la maharagwe, na siku kadhaa kwa juma nafundisha watu wazima kusoma katika kanisa letu la udongo. Jambo ambalo sijalizoea mpaka leo ni kupika bugali ya mtu mmoja. Mkono wangu ulizoea sufuria kubwa. Unga unazidi, kesho yake nakula kiporo, kesho kutwa vilevile.

Kwa hiyo mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wakongomani alipokuja na wazee wawili wa kamati, nilifurahi hata kabla ya kujua wanataka nini. Niliwapa viti, nikachemsha chai.

“Mama mwalimu,” alisema, “siku ya uhuru inakaribia. Watoto wetu bamezaliwa huku, habajui kitu. Tunaomba siku ile utusomee historia ya wimbo wa taifa. Ile ya mutu wetu.”

“Ile ya mtu wetu si historia, baba,” nilijibu. “Wimbo ulitungwa na padri.”

“Padri aliandika maneno. Sauti ni ya mutu wetu.”

“Hata sauti si yake. Inajulikana.”

Aliweka kikombe chini. Hakukasirika, afadhali angekasirika. “Mama mwalimu, huku tuko na nini? Shamba tunalima si yetu. Maji tunapanga mustari. Hii moja utuachie.”

Niliwaambia nitafikiri.

Siku chache baadaye nilikwenda mjini Mbarara kununua vitambaa vya sare ya kwaya. Sokoni kuna mama mmoja wa Uvira anayeuza vitenge, ambaye hupenda kunishikilia kwa maneno ili nisiende kwa jirani yake. Aliniuliza natoka bonde gani. Nilipomtajia, akapiga makofi.

“Iko muzee mumoja wa kwenu kule Makenke! Amezeeka sana. Anashonaka viatu vya maaskari. Anasemaka alikuwa anapiga tarumbeta kwa misheni yenu.”

Nilimwachia vitambaa na kuchukua boda boda.

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kambi ya jeshi ya Makenke, kwenye barabara ya Masaka, ndani ya migomba. Alikuwa ameketi mlangoni, mzee mrefu, amevaa koti la kijeshi lililopauka, na kiatu kimoja cha askari juu ya magoti. Alinisalimu kwa Kiswahili cha Makenke, kile kikavu cha amri: “Mama, wewe nataka nini? Kiatu iko wapi?” Mimi nikamwamkia kwa lugha ya kwetu, si Kiswahili.

Alinitazama kwa muda mrefu.

“Rudia,” alisema.

Nikarudia. Akakiweka kiatu chini taratibu, akaniambia niingie.

Kwanza ni yeye aliyeuliza. Kengele ya misheni bado iko? Daraja la miti? Wale waliokuwa wakichuja chumvi ya majivu? Nilimjibu nilivyojua, na mengi nilimwambia hayapo. Lugha yake ilikuwa ya zamani, ina maneno niliyoyasikia kwa bibi yangu tu. Alisema mke wake, Mnyankole, alikuwa amefariki, na watoto wako Kampala. Lugha yetu hakuwahi kumfundisha hata mmoja wao. “Ningeongea na nani?” alisema.

Ndipo nikamuuliza kuhusu wimbo.

Akacheka. “Padri wa misheni aliletewa karatasi ya muziki kutoka mjini. Tulifundishwa haraka-haraka. Siku ya uhuru fanfari yote ilikosea, mimi tu nikaenda mpaka mwisho. Watu hawakuwa wamewahi kuusikia. Redio ilikuwa moja, ya padri. Wamama wakaniuliza, wimbo huu ni wa nani? Nikasema ni wangu.” Alijipangusa macho. “Nilikuwa kijana. Kulikuwa na wasichana. Kesho yake nikakuta tayari umekuwa wangu kweli. Hata nilipokana, walisema nina unyenyekevu.”

“Na vita?”

“Vilipokuja nilikimbia usiku. Hakuna aliyenipiga risasi. Tarumbeta niliitupa mtoni kwa sababu ilikuwa nzito.”

Basi nikamsimulia kifo chake. Nilimsimulia chote: askari, ukingo wa mto, tarumbeta iliyolia peke yake. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikampa maji. Kikohozi kilipotulia, uso wake ulikuwa umebadilika.

“Waliipata tarumbeta,” alisema. “Waliipata mtoni, wakadhani nimekufa. Kwa hiyo walifanya matanga?”

Nilijua jibu, maana mama aliwahi kunisimulia hata hilo. Walizika mgomba badala ya mwili. Nilimwambia.

“Mama yangu alikuwepo?”

“Alikuwepo.”

Alichukua kile kiatu, akaanza kukishona. Nilipoaga aliniomba jambo moja: nimpeleke Nakivale siku ya uhuru. Hakutaka kuheshimiwa. Alitaka kuwasikia watu wa kwetu wakiongea, wengi kwa pamoja, kama sokoni.

Nilirudi Rubondo na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu binti zangu waondoke. Nilidhani nimepata kitu kinachozidi historia yao na yangu pia. Nilimwambia mwenyekiti nitaleta mgeni. Sikusema ni nani. Nilitaka wamwone kwanza. Huenda hapo ndipo nilipokosea, lakini sidhani kama ingeleta tofauti.

Siku yenyewe alifika kwa boda boda, amevaa suti ya kahawia na kofia, amekamatia bega la dereva kama mtoto. Nilimpeleka mbele, walipokaa wazee, nikasema huyu ndiye yule mpiga tarumbeta wa misheni.

Mzee mmoja wa kamati akasema, bila ubaya, “Ule alikufaka.”

“Hakufa. Huyu hapa.”

Walimuuliza maswali. Akataja vilima kwa majina ya zamani, ambayo hakuna aliyeyatambua kwa sababu vilibadilishwa majina kabla wao hawajazaliwa. Akataja chifu, wakasema hawamjui. Watu waliokuwa hai wakati ule wote walikuwa wamebaki makaburini huko nyumbani. Nilijaribu kusema kwamba mimi nayajua yale maneno ya zamani, kwamba bibi yangu aliyatumia. Mwenyekiti aliinua mkono kunituliza.

“Muzee,” alimwuliza, “ni wewe ulitunga wimbo wa taifa?”

“Hapana,” alisema. “Mimi niliupiga tu.”

Mwenyekiti akanigeukia. Katika macho yake mlikuwa na huruma. “Unasikia, mama mwalimu? Yeye mwenyewe anakataa. Basi si yeye.”

Mtu nyuma yangu alinong'ona kwamba huenda mzee anatafuta kuandikishwa apate chakula. Walimpa kiti, kivulini, na sahani ya sombe, majani ya mihogo, na samaki. Hawakumtukana. Walimkaribisha kama wanavyomkaribisha mtu yeyote aliyepotea njia.

Watoto wakaimba wimbo wa taifa. Mzee alisimama. Mdomo wake haukufunguka, lakini niliona vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vikibonyeza paja, kimoja baada ya kingine, vikifuata sauti. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine anayeviona. Wote walikuwa wanatazama bendera.

Kisha mwenyekiti mwenyewe akasimulia ile habari, kwa kuwa mimi sikuiandika. Aliisimulia vizuri kuliko mama yangu. Alipofika penye mto, akina mama walijifuta macho kwa ncha za vitenge. Mzee naye alitoa leso akajifuta.

Nilipomsindikiza barabarani niliomba msamaha. Akashangaa. “Kwa nini? Nimewasikia wakiongea. Na yule kijana,” alisema, “nimemlilia. Alikuwa mtu mzuri kuliko mimi.”

Baada ya hapo hakuna aliyenigombeza. Kwaya ilimtuma mtu mwingine sokoni. Wanafunzi wangu wa kusoma walipungua. Mmoja alisema ana kazi, mwingine anaumwa. Kwenye bomba la maji walinisalimu, wakaendelea na mazungumzo yao pale walipoyaachia, na mimi sikuwa ndani yake. Nilijiuliza mara nyingi kwa nini sikuisoma ile habari tu, kama walivyotaka. Ningebaki na watu. Lakini kila nilipojaribu kuisema kwa sauti peke yangu ndani ya nyumba, nilimwona mzee ameketi kwenye migomba na kiatu cha mtu mwingine magotini, na ulimi ulikataa.

Nilianza kumtembelea kila nilipopata nauli. Nilimpelekea maharagwe, naye alinipa maziwa. Tuliongea lugha ya kwetu. Wakati mwingine alitafuta neno, akanitazama, na mimi sikulijua pia, tukakaa hivyo wote wawili tukingoja. Kuna siku nilimuuliza kama angependa nirudi kwa kamati nikawaeleze tena. Alisema hapana. “Wao wana mtu wao. Mimi nina wewe unayekuja.” Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia sikuwa na mwingine, nikaona aibu.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, nilipigiwa kwa simu yake na mtu mwingine. Alikuwa binti yake. Namba yangu aliikuta kwenye simu ya baba. Mzee alikuwa amefariki hospitalini, mapafu, na watamzika kesho.

Walimzika nyuma ya nyumba, kando ya mke wake. Walikuja majirani Wanyankole, askari wachache wastaafu, na watoto wake waliovaa vizuri na kuonekana wamechoka. Mahubiri yalikuwa kwa Kinyankole. Mkongomani nilikuwa mimi peke yangu. Waliponipa nafasi ya kutupa udongo, nilisema maneno machache ya lugha yetu, yale ya kumuaga mtu anayekwenda safari. Hakuna aliyeyaelewa, na sijui kama niliyasema sawasawa.

Baadaye binti yake aliniketisha jikoni, akanimiminia chai.

“Maama,” alisema kwa Kiswahili cha kujikongoja, “wewe najua Taata tangu zamani. Kwenu, yeye alikuwa nani?”

Nilijua ninaweza kumpa zawadi. Kuna umati mzima wa watu Nakivale ambao wangenithibitishia. Wajukuu wake wangekua wakijua babu yao aliipa nchi wimbo wake. Nani angekuja kunipinga pale, kati ya migomba?

“Alikuwa anapiga tarumbeta,” nilisema. “Nchi yetu ilipopata uhuru, wimbo wa taifa tuliusikia kwake kwanza. Kwenye bonde letu hakuna aliyeupiga kabla yake.”

“Alitunga yeye?”

“Hapana. Alifundishwa, akaupiga mpaka mwisho. Wenzake walikosea.”

Alizungusha kikombe mkononi. “Tarumbeta,” alisema. “Hakuna siku alituambia.” Kisha akaniomba nimwonyeshe inavyoshikwa. Nikamwonyesha kwa mikono mitupu, nilivyoweza. Akajaribu naye, akashusha mikono haraka kwa sababu kaka yake alikuwa anaingia kuulizia gari la kurudi Kampala.

Nilifika Rubondo jua likizama. Jirani yangu, mama mmoja wa Burundi, alikuwa anapeta maharagwe mlangoni. Aliniuliza natoka wapi na viatu vyenye tope hivyo.

“Mazishini,” nilisema. “Mzee mmoja wa Makenke.”

“Oo, pole sana, mama,” alisema, na kwa kuwa mvua ilianza kudondoka tena, aliinua ungo wake akaingia ndani. Nami niliingia kwangu, nikawasha moto.