Kituo Kilichokatika

Nakumbuka alasiri ile baba alipofungua karatasi iliyoletwa na mwenye punda wa Kipungani. Ndani mlikuwa na shairi la ami yangu Shee, msuka mikeka, aliyefiwa na mkewe mwezi uliotangulia.

Mwanangu, sisi watu wa Amu tuna ada yetu: shairi hujibiwa kwa shairi, kwa bahari ile ile na vina vile vile. Basi baba na wenziwe wa barazani wakalipasua kama samaki. Mishororo minne kila ubeti, sawa. Mizani nane kwa nane, sawa. Kila ubeti ukifunga kwa maneno haya: "Nyumba imekuwa pana, sauti sizisikii." Ubeti wa mwisho tu ndio uliofunga kwa "Nyumba imekuwa pana," kisha kimya.

"Kituo kimekatika! Shee amezeeka, hata kuhesabu hawezi," baba akacheka.

Mama alisikia, akasema toka mlangoni, "Bwana, tangu lini Shee akakosa mizani? Mtu huyu amechoka. Nendani mumtizame, ndia si mbali."

"Niende mikono mitupu, bila jawabu?"

Wallahi, hakwenda. Alikaa akichonga jawabu, akitafuta vina, mpaka likawa zuri la kusifiwa. Ndipo habari ikaja. Ami alikutwa amekufa juu ya mkeka alioacha katikati. Jirani zake walisema alikuwa ameacha kula, na chakula akipelekewa hukirudisha. Tulimzika, na jawabu limo mfukoni mwa kanzu ya baba. Majuto ni mjukuu. Baba hakukaa barazani tena.

Sasa nawe waniletea simu: "Bibi, nichambulie shairi la rafiki yangu wa Wiyoni." Haya, nimelisoma. Vina vimetulia, na huzuni yake haipigi kelele. Lakini beti zafupika, mpaka wa mwisho una mshororo mmoja. Wewe mwenyewe wasema kijana huyu ni hodari. Hodari havunji mizani bure, mwanangu! Jifunze mizani, uzijue sana, ili pale zinapopungua ujue kuna mtu anakuita. Na ukiitwa hivyo, itika kwa miguu.

Ondoka sasa hivi. Usimwandikie kitu. Mwenyezi Mungu akutangulie ndiani, akupe ulimi laini, na umkute akiwa hai.