Mguu wa Kulia wa Bi Tahiya

Hebu mtieni akilini Bi Tahiya akifika. Jumapili, saa kumi jioni, jua halijapoa. Lango la uwanja wa vigari vya mbio vya watoto, njia ya kwendea Chwaka, liko wazi, na linaingia gari dogo jeupe lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma. Linaingia taratibu kama linaloleta mgonjwa. Anashuka mwanamke wa miaka hamsini na tisa, buibui jeusi, raba nyeupe miguuni, na kamshika mjukuu wake Ulfat kwa kifundo cha mkono. Hamshiki vidole, maana vidole huchopoka.

Wengi wenu mlioko mjini mnamjua, au mnamjua mtu aliyefunzwa naye. Mwaka wa kumi na tisa huu anafunza watu udereva. Upande wa kushoto wa gari lake, anapokaa yeye, fundi alimtilia breki ya pili. Paka akikatiza, baiskeli ikichomoza uchochoroni, Bi Tahiya husema neno moja tu: "Kanyaga." Maana yake breki. Na kabla mwanafunzi hajajua akanyage nini, mguu wa kulia wa Bi Tahiya ushakanyaga. Mguu huo hauna mapumziko. Hata nyumbani kwake Mkunazini, mtu akikaribia kuangusha sinia la vikombe, yeye hukanyaga mkeka.

Ana sharti moja pia. Atakayefumba macho kwa woga hushushwa pale pale, arudi kwa miguu. "Bora ugonge huku unaona," huwaambia. Kashashusha watu wazima na ndevu zao.

Sasa siku hiyo aliyeogopa alikuwa yeye.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Alimwambia Ulfat, "Ukihitimu Juzuu Amma, sema unachotaka, nnakupa." Alikuwa kashamuwekea nia ya gauni, pengine na viatu. Mtoto wa miaka saba akahitimu Alkhamisi, akaja akakaa mbele ya bibi yake, akasema, "Nataka kuendesha vigari." Alivisikia kwa mwenzake wa chuo cha Kurani. Ahadi ya khitma unairudishaje? Utamwambia nini mtoto aliyeshika sura zote zile kwa ajili yake?

Na Ulfat ni mtoto wa bintiye, Nadra, ambaye yuko Maskati kazini mwaka wa tatu sasa. Siku ya kuondoka, mlangoni mwa uwanja wa ndege, Nadra hakusema mengi. Alisema, "Mama, hiyo amana." Tangu siku hiyo mtoto hajavuka barabara ya Darajani bila ya kushikwa. Habari ya vigari Nadra hakuambiwa.

Aliyewapokea ni mwanamme wa miaka thelathini na kitu, filimbi shingoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe nani vile?"

"Mabrouk. Ulinishusha Mtoni nikarudi mjini kwa miguu."

Bi Tahiya akamtazama vizuri. "Wa lori."

"Wa lori."

"Limekuja lori, ukafumba macho, usukani ukauwacha."

"Sikuuwacha, mwalimu. Mkono mmoja uliushika. Mwengine ndio nilizibia uso."

"Na leo wewe ndiye unayetazama watoto wa watu?"

"Ndo hivo tena," Mabrouk akacheka. "Leo mwanafunzi wewe."

Bi Tahiya hakucheka. Aliuzunguka uwanja mzima kwa miguu, akiyapiga teke moja moja matairi yaliyopangwa ukingoni. Kona ya pili, ile iliyojikunja, alisimama muda mrefu. Akarudi. Pale penye lango la kuanzia pana nguzo iliyopakwa mstari wa manjano. Mtoto asiyefika mstari haendeshi. Hapo Bi Tahiya akapata tumaini.

"Visigino chini, we Ulfat."

"Viko chini, Bibi."

Utosi wa mtoto ulipita mstari kwa unene wa kidole.

"Hizo nywele," akasema Bi Tahiya.

Mabrouk akazibonyeza nywele kwa kiganja. "Kafika, mwalimu."

Basi. Akamvua mtoto mtandio mwenyewe, usije ukanaswa na magurudumu, akauzungusha mkononi mwake mara tatu. Ulfat akavishwa helmeti, kichwa kikawa kikubwa kuliko mabega. Akafungwa mkanda. Bi Tahiya akainama, akakitazama kigari kwa chini. Kimekaa karibu na ardhi, huwezi kupitisha hata ngumi.

"Breki ya pili iko wapi?"

"Ya nani?"

"Ya kukanyaga mimi."

Mabrouk safari hii hakufanya mzaha. "Kina kiti kimoja, mwalimu. Nshakipunguza nguvu, hakendi mbio. Raundi tano tu." Akamgeukia mtoto. "Skiza, mama. Mguu wa kulia mafuta, wa kushoto breki. Nna maneno mawili. Nikisema kanyaga, mguu wa kulia, unakwenda. Nikisema simama, wa kushoto. Sema."

"Kanyaga kwenda. Simama kusimama."

Bi Tahiya aliyasikia maneno hayo. Aliyasikia, lakini masikio yake yalikuwa kwenye injini inayonguruma kama mashine ya kukatia majani.

Raundi ya kwanza Ulfat alikwenda kama anayesukuma kitanda. Ya pili vivyo hivyo. Bibi yake alisimama nyuma ya matairi, na mguu wake wa kulia ukawa unachimba mchanga. Kila kona, kanyaga. Kila kona, kanyaga. Shimo likaanza kuonekana.

Raundi ya tatu, mtoto mwengine aliyekuwa mbele alipindisha vibaya kwenye ile kona ya pili, kigari chake kikakingama, kikazima katikati ya njia. Ulfat anakuja. Mabrouk akakimbia na bendera nyekundu, filimbi mdomoni. Na Bi Tahiya, kwa sauti inayosikika Maisara nzima anapofunza, akapiga kelele:

"Kanyaga!"

Mtoto akakanyaga. Wa kulia, kama alivyofunzwa.

Kigari kikaruka mbele. Sijui mkono wa mtoto ule ulipata wapi akili, ukapinda usukani, akampita mwenzake kwa nafasi ya hatua moja, akaingia kwenye matairi. Kishindo kilikuwa kama cha gunia la unga linalotupwa chini. Kisha injini ikazima.

Bi Tahiya hakumbuki alivyoyapanda matairi yale na buibui lake. Anakumbuka tu kwamba njia nzima alikuwa akimuona Nadra pale mlangoni mwa uwanja wa ndege. Akaifungua helmeti. Ulfat alikuwa macho, mdomo wa chini umechanika kidogo, damu imechora mstari mwembamba kidevuni. Akageuza shingo huku na huku. Akainua mikono yote miwili, kuonesha haijavunjika.

"Bibi," akasema, bila ya kulia. "Umesema kanyaga."

Bi Tahiya akalisikia neno lake upya. Akakaa chini kwenye lami. Muda wote alikuwa akikiogopa kigari, kona, matairi, mtandio. Kinywa chake mwenyewe hakukihesabu.

"Twende nyumbani," akasema mwisho.

"Bado raundi mbili."

"Ulfat."

"Mimi sikukosea, Bibi. Nimefanya ulivyosema."

Bi Tahiya akamtazama Mabrouk, labda atasema mashine imeharibika. Mabrouk alikuwa kashamuondoa yule mtoto mwengine njiani, sasa anavuta kigari cha Ulfat nje ya matairi. "Kizima," akasema. "Na yeye mzima. Lakini uamuzi wako, mwalimu."

Angekataa, nani angemlaumu? Lakini mtoto alikuwa kashaanza kuivaa helmeti peke yake, na ni kweli, hakukosea. Bi Tahiya akampangusa damu kwa ncha ya mtandio. Akarudi nyuma ya matairi. Safari hii mtandio wenyewe aliukunja, akautia kinywani, akauma.

Raundi ya nne alimfuata kwa macho mpaka ile kona ilipokaribia, kisha akayarudisha miguuni pake. Ya tano, injini ilipopanda sauti pale pale konani, mguu ukazama shimoni, meno yakauma kitambaa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Bi Tahiya akafumba macho.

Alipoyafungua, kigari kilikuwa kimesimama mbele ya nguzo ya manjano, sawasawa, hakuna aliyesema simama. Mabrouk alikuwa kando yake, naye hakuwa akitazama kigari. Alikuwa akimtazama yeye.

Ulfat akaja mbio, mdomo umevimba, macho yanameta.

"Bibi, umeniona nilivyoipita ile kona?"

Haya, nyinyi mlionisikiliza mpaka hapa: mngekuwa nyinyi ndio Bi Tahiya, mngemjibu nini?