Nilivyokosa kazi ya forodha kwa kupendwa mno na wafanyabiashara wa River Road

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mzee, walionijua wakati huo wamebaki wachache, kwa hivyo sina wa kumdanganya. Haya yalinipata mimi mwenyewe.

Ni miaka ya hamsini mwanzoni, kabla ya Emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni. Nilikuwa karani wa stoo kwenye duka la vitambaa River Road. Kila asubuhi nilitembea kutoka Waithaka, tai shingoni, viatu mkononi. Viatu nilivaa nikifika mjini.

Nilitaka kumwoa Njeri wa Mutuini. Baba yake, muuza ngozi, alikuwa amesema wazi kwamba binti yake ataolewa na mtu wa serikali, si mhesabu marobota ya watu.

Basi karani mmoja wa forodha akastaafu. Wafanyabiashara wa River Road wakakubaliana kwamba anayefaa ni mimi. Wahindi, Waafrika, hata wale wasiosalimiana.

Nikavimba kichwa. Nilidhani wameona akili yangu.

Siku ya interview walinisindikiza, wakanisifu kwa afisa mmoja baada ya mwingine. Eti mpole. Mwelewa. Hana maneno mengi. Kisha wakasubiri nje, mlango wazi.

Afisa, mzungu aliyejua Kiswahili vizuri, aliniuliza swali moja tu.

"Mzigo wa mmoja wa hawa wazee ukifika, utaufungua?"

Wakuu, mimi nimelelewa. Kwetu hupekui mzigo wa mtu mzima mbele za watu.

"Hapana, bwana," nikajibu kwa adabu zote. "Nitamuuliza kuna nini ndani, na atakachosema nitaandika."

Kule nje wazee wangu wakaitikia kwa vichwa. Afisa akafunika kalamu yake, akanishukuru.

Kazi alipewa mtu asiyejulikana River Road nzima, na akaanza kufungua marobota mara moja. Niliumia sana. Waithaka yote nilikuwa nimeshaitangazia.

Nikaenda Mutuini kukubali yaishe. Baba Njeri akauliza nilijibu nini huko, nikamwambia. Akaangalia banda lake la ngozi.

"Leta wazee wenu," akasema. "Huyo wa serikali angeanzia hapa kwangu."

Funzo: ukisifiwa, uliza kwanza anayekusifu anauza nini.

Kama nawe uliwahi kusifiwa hadi ukakosa kazi, sema hapa chini tucheke pamoja.

Njeri yuko hapa kando, anasema niandike kwamba hadi leo sijawahi kupekua kiondo chake. Ni kweli. Huwa namuuliza kuna nini ndani, na atakachosema naandika.