Gari la mwanangu halina mlio, na mie nimemwambia mzee asiyeona kuwa kajigonga nguzo

Mwenye ukurasa, nifichie jina. Mie sikusoma, hata jina langu kuliandika sijui, ndiyo maana nakutumia sauti. Ziandike kama nilivyosema, usinipambe. Ni bibi wa miaka sabini na kidogo, mjane, nakaa Mbagala. Wajukuu zangu wako humu. Mkinitambua nyamazeni, wali wangu mmeula sana.

Mwanangu wa pekee, tumwite Shabani, amenunua gari. Si jipya, limetumika Japani, lakini ukiliona utadhani limetoka leo. Refu, jeusi, linajaza uchochoro wetu wote. Anasema ni haibridi, linakula mafuta na umeme, na likienda polepole linatumia umeme peke yake, injini inalala. Siku ya kwanza alinifungulia mlango wa nyuma kama mke wa waziri. Kiti cha ngozi kinakukumbatia mpaka mabegani, halafu kuna kidude akikibonyeza kinakukanda mgongo. Gari likaongea Kijapani, mie nikaitikia marahaba. Nikakaa nikisubiri liwake. Nikamuuliza, "Shabani, mbona huwashi?" Akacheka. "Mama, tumeshatoka getini."

Nikatazama nje, kweli, ukuta wa jirani unarudi nyuma. Tangu nizaliwe sijawahi kukaa mahali pakimya vile. Kelele zote za Mbagala zilibaki nje ya kioo. Yale mashimo yanayonivunjaga kiuno kwenye bajaji, mle ndani niliyasikia kama nabembelezwa. Nilijiona mtu, wanangu. Nilitamani mtaa mzima unione.

Sasa, jirani yetu ni mzee asiyeona, tumwite Mzee Kondo. Mkewe alishafariki, anaishi peke yake na hataki mtu amshike mkono. Msikitini anakwenda mwenyewe na fimbo yake, dukani mwenyewe. Masikio ndiyo macho yake. Kila pikipiki ya mtaa anaijua kwa mlio. Anawaambiaga vijana, "We, hiyo yako ina pumu, ipeleke kwa fundi," na kweli fundi akiifungua anakuta kasoro.

Asubuhi ile ile ya gari, mzee alikuwa anarudi kununua vitumbua. Sie tunatambaa nyuma yake, Shabani anaongea na simu ndani ya gari. Mzee hakukaa pembeni kwa sababu hakusikia kitu. Tulipokata kona, ubavu wa nyuma ukamsukuma, akaenda mtaroni. Shabani hakuhisi lolote, gari lile halikuletei habari za nje. Mie ndiye niliyegeuka nikaona vitumbua vimetapakaa chini.

Nilifungua mdomo niseme simama. Nikakumbuka. Zamani Shabani aligonga mtoto na pikipiki. Mtoto alichubuka tu, lakini watu walikuwa wameshammwagia mwanangu petroli mwilini kabla mjumbe hajafika. Ile harufu bado ninayo puani. Nikaufunga mdomo wangu. Kule mbele nikamwambia anishushe dukani, yeye aende zake, nikarudi mbio na magoti yangu haya.

Nilimkuta kakaa kwenye ukingo wa mtaro, kiwiko kinatoka damu.

"Dada, nini kimenipiga?"

Nikasema, "Umejigonga nguzo ya umeme."

Nguzo ile anaijua, anaipapasa kila siku. "Hakuna gari lililopita?"

"Gari gani? We ulisikia gari?"

Akasema hapana, hakusikia.

Hilo swali langu ndilo lililommaliza, si gari. Tangu siku ile hatoki peke yake. Anasimama mlangoni na fimbo mkononi, anasikiliza, kisha anarudi ndani. Juzi watoto wakamwambia gari la Shabani limepita mbele yake, yeye hana habari. Akaniita pembeni, akanisihi nisimwambie mtu kwa sababu anaona aibu. "Dada, sauti yako naisikia, redio naisikia. Vitu vinavyotembea ndivyo nimeacha kuvisikia. Nimekwisha."

Na mie, kwa ulimi wangu huu ambao mtaa mzima unauogopa, nikamwambia pole.

Kila siku nampelekea uji. Nimemfunga kidonda, nimemfulia kanzu. Majirani wananisifu, eti bibi yule ana roho nzuri. Nikisikia vile natamani ardhi inimeze. Nampenda mzee yule kama kaka yangu wa tumbo moja, na uji wangu wote umechanganywa na uongo.

Sasa binti yake amekuja kutoka Kilwa. Anasema baba hawezi tena kuishi peke yake, Jumapili anamchukua moja kwa moja. Mzee hakubisha. Mtu aliyekataa kushikwa mkono miaka yote, amekubali kuondolewa kwenye nyumba yake aliyozikia mkewe, kwa sababu anadhani masikio yamekufa. Na masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Mwanangu, kwa wema wake, amejitolea kuwapeleka mpaka Kilwa kwa gari lake. Mzee amefurahi. Ameniomba niwasindikize, nikae naye nyuma, nimshike mkono. Yaani atakaa kwenye kiti kile kile, atasubiri liwake, kisha atauliza kama nilivyouliza mie, mbona huwashi. Na Shabani, asiyejua kitu, atacheka na kumjibu kama alivyonijibu.

Nikisema ukweli sasa, namwogopea mwanangu kwa watu wa mtaa huu. Nikinyamaza, mzee anaondoka kwake kwa uongo wangu. Nimezaa, nimezika, nimegombana na wenye nyumba na wenye vyeo, sikumwogopa mtu. Leo namwogopa mzee mwenye fimbo.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mkimaliza kutukana mnishauri. Nitasomewa yote. Niende leo barazani kwake nimwambie, au nisubiri anielewe mwenyewe ndani ya gari, mkono wake ukiwa kwenye mkono wangu?